Nusu Yangu ya Godoro

Barua ya chuo ilipitia sanduku la posta la shule ya msingi, kama barua zote za kijiji chetu cha Kitaya, na mwalimu mkuu akanikabidhi nikiwa natoka shambani na jembe begani. Ilikuwa ya Kiingereza, kurasa mbili. Ukurasa wa kwanza ulinipongeza. Wa pili ulikuwa orodha ya vitu ambavyo kila mwanafunzi wa kuishi hosteli alitakiwa kufika navyo: ndoo, shuka mbili, chandarua, kufuli, na godoro la futi mbili na nusu. Nilipofika kwenye neno godoro nilikunja karatasi nikaisokomeza kwenye pindo la kanga, na furaha yote ya ukurasa wa kwanza ikaniishia palepale njiani.

Nyumbani kwetu kulikuwa na godoro moja, nalo lilikuwa la bibi.

Mama yangu aliolewa upya Newala nikiwa na miaka mitatu, na mimi nikabaki kwa bibi mzaa mama, jambo ambalo kwetu halina ajabu yoyote. Tangu siku ile nililala ubavuni kwake. Kitanda kilikuwa cha kamba, cha futi tano, alichokiacha babu alipofariki. Mimi nililala upande wa ukutani, yeye upande wa mlangoni, kwa sababu ndiye aliyeamka kwa ajili ya sala ya alfajiri. Aliniita mke mwenzangu, kama bibi wengi wanavyowaita wajukuu zao wa kike, na hata babu alipokwisha kuzikwa nyuma ya mikorosho hakuacha. Nikichelewa kurudi kutoka mtoni aliniuliza kama nilipita kwa mume wetu kumsalimia. Nami nilimjibu kwamba mume anamuulizia yeye, anasema ule ugali wa juzi haukuiva. Ndivyo tulivyoishi, na wageni waliotusikia mara ya kwanza walidhani tunagombana.

Godoro lenyewe lilikuwa la sufi. Nyuma ya jiko letu kulikuwa na msufi mrefu, na kila kiangazi kilipokaribia kwisha vitumba vyake vilikauka, vikapasuka na kumwaga sufi nyeupe uani. Wasiojua hufikiri kazi ya sufi ni kuokota tu. Kazi ni mbegu. Kila fungu la sufi limejaa mbegu ndogo nyeusi, na usipozitoa utalala juu ya changarawe, halafu panya watakuja kuzitafuta wakutobolee godoro na wewe umo juu yake. Wengine hutia sufi kwenye tenga wakaipiga kwa kijiti mpaka mbegu zishuke chini. Bibi alizitoa kwa vidole, moja moja, akiwa amekaa kwenye mkeka baada ya sala ya alasiri, na alikuwa na kiburi na kazi yake hiyo kuliko kitu kingine chochote alichojua kufanya.

Miaka miwili kabla ya barua ile aliteleza kwenye jaruba la mpunga akaangukia nyonga. Hakuvunjika, lakini tangu hapo alilala vizuri penye ulaini tu, na godoro letu lilikuwa limechoka. Sufi yake ya zamani ilikuwa imeshikana mabonge, na mabonge hayo yote, sijui kwa nini, yalihamia upande wa mlangoni. Kwa hiyo bibi alikuwa anaweka akiba. Darini kulining'inia kiroba cha sufi mpya, iliyochambuliwa kwa vidole, misimu miwili sasa. Hiyo ilikuwa ya kutengenezea godoro jipya la uzeeni kwake. Nilikijua kile kiroba kama ninavyojua jina langu, maana mimi ndiye niliyepanda ngazi kila jioni kukirudisha mahali pake.

Sasa unaelewa kwa nini nilikunja barua. Nikimwambia bibi kwamba chuo kinataka godoro, atanipa lake na kiroba juu, na yeye atabaki na kamba.

Kwa hiyo nilisema uongo. Nilimwambia kwamba huko Dar es Salaam kila kitanda cha hosteli kina godoro lake, serikali imeshaweka. Nilimsomea ile orodha kwa Kiswahili nikaruka mstari mmoja, sauti yangu haikutetereka hata kidogo, na nilijipongeza kimoyomoyo. Bibi alifurahi sana. Aliisifu serikali siku nzima.

Kosa langu lilikuwa kumwachia mjomba barua. Kwetu mjomba ndiye mwenye neno la mwisho juu ya watoto wa dada yake, na mjomba wangu, mtu mpole mwenye baiskeli na ndevu chache, alikuwa anatembea na ile barua kama cheti chake mwenyewe. Hakujua Kiingereza. Hakuwa na shaka na mimi hata chembe. Alichotaka ni kusikia zile pongezi tena, kwa sauti ya mtu mwingine, mbele ya watu. Akaenda nayo dukani jioni moja, akamkuta mwalimu mkuu, akamwomba aisome kwa nguvu watu wasikie.

Mwalimu mkuu alikuwa mtu wa Kagera, Mkristo, aliyekaa kwetu miaka mingi na kupendwa na kila mtu, na ugonjwa wake mmoja ulikuwa kutokuacha kitu nusu. Alisoma ukurasa wa kwanza, akautafsiri. Watu wakapiga makofi. Mjomba akanyoosha mkono apokee barua yake, lakini mwalimu alikuwa ameshafungua ukurasa wa pili. Akasoma ndoo, akasoma shuka, akasoma godoro, na kwa faida ya wote akaeleza kwamba chuo kinasisitiza godoro kwa sababu vitanda vya huko ni mbao tupu.

Mjomba alikuja nyumbani anasukuma baiskeli badala ya kuipanda. Nilipoona hivyo nilijua.

"Mpwa wangu," aliniambia, "umeanza kukosea kusoma kabla hujafika chuoni." Kisha akamgeukia bibi akamweleza.

Nilitegemea bibi anifokee, na nilikuwa nimejiandaa kujibu, kwa maana mimi sikuzaliwa na ulimi mfupi. Hakufoka. Aliacha tu kuniita mke mwenzangu. Siku mbili nzima aliniita mwanafunzi. Mwanafunzi, chakula kipo. Mwanafunzi, kuni zimekwisha. Sijawahi kupigwa fimbo iliyoniuma kuliko neno hilo, na kila alipolisema nilitamani anitukane tu yaishe.

Siku ya tatu nilimkuta ameinama kitandani na uzi wa ukili, anapima. Alipima kutoka upande wa ukutani mpaka upande wa mlangoni, akaukunja ule uzi mara mbili, akaniita nimsomee urefu wake kwa rula yangu ya shule. Ulikuwa futi mbili na nusu, kasoro kidogo sana.

"Mke mwenzangu," alisema, na mimi machozi yakanitoka kwa kulisikia tu lile neno, "wake wenza hawanyang'anyani. Wanagawana."

Hapo inabidi nieleze desturi ya nyumba yetu. Babu alikuwa na wake wawili, na bibi alikuwa mke mdogo. Ili pasiwe na maneno, babu aliwawekea utaratibu mmoja: chochote kikija, mmoja anagawa na mwingine anachagua, na aliyegawa anachukua kinachobaki bila kunung'unika. Akileta kambale kutoka mtoni, mmoja alishika kisu, mwenzake akachagua kipande. Yule mke mkubwa alipokufa, na babu baada yake, bibi aliuendeleza utaratibu ule na mimi. Samaki, sabuni, hata embe moja. Na mimi, katika miaka yote ile, nilichagua kipande kidogo. Tafadhali usinisifu. Haukuwa wema hata kidogo, kilikuwa kiburi. Nilipenda kuwa mtu aliyetoa, nikaona raha kumtazama mwenzangu akila kikubwa na mimi nimeshinda. Bibi alinitazama kila mara, akachukua kikubwa chake, akala.

Nilikubali godoro likatwe. Lakini niliweka sharti, na nilipiga na mguu chini: sufi mpya ya kwenye kiroba isiguswe kwa ajili yangu. Hiyo ni ya nyonga yake. Anigawie ile ya zamani tu, mimi ni kijana, mabonge hayaniumizi.

"Nimesikia," alisema bibi.

Ilinichukua wiki kadhaa kugundua kwamba hakusema amekubali.

Tulianza kufunga sanduku. Lilikuwa sanduku la bati la mjomba, la rangi ya kijani, na kila mtu alikuwa na maoni juu ya kinachostahili kuingia. Bibi alitia korosho, hilo sikukataa. Alitia makopa ya muhogo. Alitia unga wa muhogo juu ya makopa, kana kwamba sitakuwa na mikono ya kuyatwanga. Alitia chungu kidogo, kata, na mbuzi ya kukunia nazi, miguu yake imekunjwa, imefungwa kwenye gauni langu la Idi. Kila alipokwenda kisimani nilitoa, na kila nilipokwenda mtoni alirudisha. Juu ya mbuzi ya nazi tulipigana wiki nzima kimyakimya. Nilikuwa naona aibu. Nilijiona nashuka melini Dar es Salaam, mwanachuo mzima, halafu sanduku linafunguka mbele za watu na mbuzi ya nazi inatoka. Siku moja nilimwambia wazi kwamba huko nazi wananunua ikiwa imeshakunwa. Aliniuliza kama hilo nalo nimelisoma kwenye barua, lakini mwishowe mbuzi ikabaki nyumbani.

Nilitoa pia vitu vyangu mwenyewe, na hapo ndipo palipokuwa pagumu. Madaftari yote ya sekondari niliyahifadhi kwa miaka kwa kudhani chuoni wataniuliza. Yalikuwa robo ya sanduku. Kulikuwa na redio iliyokufa ambayo nilikuwa nimeapa kuitengeneza. Kulikuwa na viatu vya shule vilivyonibana, ambavyo sikuweza kuvitupa kwa sababu nilijua jinsi vilivyopatikana. Mjomba alisimama mlangoni akaniambia nichague vitu ambavyo nisipokuwa navyo nitalia, na vingine niache, vitanisubiri. Nilibaki na daftari moja. Viatu alivichukua binti wa jirani siku ileile, na redio mjomba akaitundika ukutani kwake kama pambo.

Zikabaki siku nne. Chuo kilitaka fomu ya daktari, kwa hiyo nilipanda lori kwenda hospitali ya Mtwara mjini, nikalala kwa ndugu, na kwa sababu daktari hakuwepo siku ya kwanza nikalala tena. Niliporudi, kazi ilikuwa imekwisha. Magodoro mawili membamba yalikuwa yamelazwa uani kwenye mkeka, yameshonwa pande zote. Kile kitambaa cha zamani cha mistari kilikuwa kimekatwa katikati, na kila nusu imezibwa ubavu wake kwa kipande cha kaniki. Kushona kulikuwa kwa bibi, mishono midogo kama meno ya mtoto.

Ila hayakuwa sawa. Moja lilikuwa nene, limetuna. Jingine lilikuwa jembamba, limelala chini kabisa.

"Miye nimegawa," alisema bibi. "Wewe chagua."

Niliyatazama nikaona kila kitu, au nilidhani naona. Lile nene ndilo lenye sufi ya kiroba. Amenitengenezea, halafu anadhani nitalichukua kwa kuwa ni mwanachuo na ninakwenda mbali. Nilisogea nilibonyeze, akanipiga kofi mkononi. Akasema kitu cha kugawana hakibonyezwi, kwani kambale tulikuwa tunambonyeza? Basi sikubonyeza. Nilinyoosha kidole kwenye lile jembamba.

Bibi aliguna. Alisema haya, ndilo lako, akaanza kulikunja mara moja, akalifunga kwa kamba ya katani, akavuta kamba kwa goti mpaka likawa kama bunda la kuni, akalifunga tena. Nilifikiri amekasirika kwa kushindwa. Nilikuwa na furaha isiyo kifani. Nilikuwa nimelala naye miaka kumi na saba, na siku ya kuondoka nilimwachia ulaini wote.

Mjomba alinipeleka bandarini Mtwara kwa lori la mihogo, nikapanda meli. Bibi hakuja. Aliagana nami uani, akanipa mkono, akanikumbusha kumsalimia mume wetu nikipita kwenye mikorosho, na nilipita nikamsalimia.

Hosteli ilikuwa ghorofa nne, mimi ya tatu, chumba cha watu wawili. Mwenzangu alikuwa msichana wa Singida, mrefu, mcheshi, aliyekuja na godoro la sponji lenye nailoni bado. Usiku wa kwanza nililikata kamba lile bunda langu nikalilalia, na lilikuwa gumu vilevile nilivyostahili. Lakini lilikuwa limepata unyevu melini, likawa na harufu, na mwenzangu kwa adabu akanishauri nilianike. Jumamosi asubuhi nikalitandaza kwenye kibaraza cha juu, nikaenda kufua.

Niliporudi saa saba mchana sikulitambua. Kwanza nilifikiri mtu amebadilisha. Kisha nikaona ile kaniki ya ubavuni imekaza kama ngoma.

"Dada," alisema mwenzangu, "godoro lako limeumuka."

Sufi safi ndivyo ilivyo. Ukiikandamiza inalala, hata ukadhani hakuna kitu ndani, lakini ikikutana na jua inaamka. Sufi ya zamani haiamki. Iliyo na mbegu haiamki. Nilikaa chini pale kibarazani, nikafumua mshono mmoja kwa kucha, nikaingiza vidole. Ilikuwa nyeupe, nyepesi, inang'aa. Nilitafuta mbegu. Nilitafuta kwa muda mrefu, nikaingiza mkono mpaka kiwiko, na sikupata hata moja.

Alikuwa amenitilia kiroba kizima. Misimu miwili ya vidole vyake. Kisha akaikandamiza kwa mawe, au sijui kwa kitu gani, siku zile mbili nilipokuwa namsubiri daktari, ili ionekane haba. Na lile nene alilijaza yale mabonge ya zamani na chochote kingine kilichopatikana, likatuna. Hakuwa amebahatisha. Alijua nitachagua lipi. Alikuwa ametazama mkono wangu ukienda kwenye kipande kidogo kwa miaka yote ile, akala vipande vikubwa kimya, na siku moja tu alipokihitaji kile kiburi changu akakitumia. Nililia pale juu, mbele ya nguo za watu zilizoanikwa, mpaka yule msichana wa Singida akaja akaketi karibu yangu bila kuuliza.

Niliandika barua ya hasira na ya mapenzi, nikamwomba mjomba amsomee. Nilisema nitalirudisha kwa meli ya kwanza. Jibu lilikuja kwa mwandiko wa mwalimu mkuu, mistari miwili. Bibi anasema umechagua mwenyewe. Bibi anauliza kama linatosha watu wawili.

Lilitosha. Mwaka ule vyumba vilikuwa vichache, na muhula wa pili tulianza kubebana, kama tulivyosema pale chuoni, yaani mwenye kitanda anamlaza asiye na chumba. Nilimbeba msichana wa Tabora muhula mzima, tukilala mzungu wa nne, miguu yake usoni kwangu, na hakuna aliyeamka anaumwa mgongo. Aliwaambia watu kwamba analala kwa Mmakonde mwenye godoro la kifalme. Nami niliacha kuwaambia kwamba nililichukua kwa kujinyima.

Mwisho wa mwaka tulitakiwa kuhama hosteli na kila kitu, nikarudi Kitaya na sanduku la kijani na godoro langu. Sikusubiri hata kunywa maji. Baada ya shikamoo nilikwenda moja kwa moja kitandani, nikajilaza upande wa mlangoni. Ilikuwa kama nilivyoogopa, na zaidi. Mabonge, maganda makavu ya mahindi, na mbegu. Upande wa ukutani, upande wangu, kulikuwa na kamba tupu. Bibi alikuwa anachechemea kidogo kuliko nilivyomwacha, au pengine nilikuwa nimesahau.

Niligomba. Nilisema yote niliyoyapanga melini. Nilisema hiyo haikuwa kugawana, ilikuwa ulaghai, na babu angejua angetupa talaka sote wawili. Bibi alicheka mpaka akashika nyonga.

Likizo ilikuwa ndefu, na vitumba vya msufi vilianza kupasuka kabla haijaisha. Havikuwa vingi bado, vya matawi ya chini tu. Mimi na mjomba tuliviangusha kwa upondo, na kila alasiri nilikaa kwenye mkeka nikitoa mbegu. Sikutumia tenga wala kijiti. Nilitumia vidole, moja moja, na bibi alipita akachukua fungu nililokwisha kulichambua, akalikamua, akapata mbegu moja, akanionyesha, akaenda zake. Nilipomaliza, sufi yangu safi haikufika hata robo ya godoro moja, lakini hiyo ilinitosha, kwa sababu nilikuwa na mpango.

Zikiwa zimebaki siku tatu niondoke, nilimpeleka bibi kwa mjomba kutwa nzima kwa kisingizio cha mgonjwa. Nikafumua yote mawili. Nikatoa sufi nzuri ya kwangu, nikaichanganya na mpya, nikaigandamiza kwenye nusu moja kwa jiwe la kusagia mpaka ikalala bapa. Nyingine nikaijaza maganda na mabonge na mbegu mpaka ikatuna vizuri. Nikashona kwa mishono midogo kadiri nilivyoweza. Niliwaza hivi: akidhani lile nene ndilo zuri, atalichukua lile jembamba ili mimi nibaki na nene, na safari hii nitakuwa nimemshinda kwa silaha yake.

Bibi alirudi akayakuta uani. Nikasimama pembeni, mikono kiunoni.

"Mimi nimegawa," nilisema. "Wewe chagua."

Hakuyatazama hata kwa dakika moja. Alikwenda akakaa juu ya lile nene, akajisogeza, zile mbegu zikalia chini yake, akanyoosha miguu kama mtu aliyefika kwake.

Nilimwambia amekosea. Nilimwambia arudie. Nilimwambia, nikapandisha sauti, kwamba lile jingine ndilo lenye sufi, na kwamba anajua hivyo, na kwamba kwa nini, kwa nini hawezi kukubali kupewa kitu kimoja tu na mimi. Nilikuwa na miaka ishirini na moja na nilikuwa nalia kama mtoto aliyenyang'anywa embe.

Aliniacha nimalize. Kisha akapigapiga godoro kwa kiganja, nikakaa juu ya zile mbegu pamoja naye.

"Miye mti ninao hapo nyuma ya jiko," alisema. "Vitumba hivi vya juu vikipasuka, mjomba wako ataangusha, nami nitachambua, nitalala. Mwakani utanipa tena. Huko uliko wewe hakuna msufi." Akatafuta mbegu moja iliyomchoma pajani, akaitoa kwenye mshono wangu, akaniwekea kiganjani. "Chukua godoro, mke mwenzangu. Miye niachie mti."

Nilikuwa na la kujibu. Daima nilikuwa nalo, na bibi alikuwa akilisubiri, niliona usoni kwake. Badala yake nilisema ahsante. Nilisema hivyo tu, sikuongeza kitu, na nadhani ilikuwa mara ya kwanza katika maisha yangu kupokea kitu kutoka kwa mtu bila kukipunguza kwanza.

Bibi alinitazama kwa mshangao kidogo, kisha akasema haya, twende tukapike. Kwenye sanduku, kabla sijalifunga, nilitia mwenyewe ile mbuzi ya nazi.